Shahada ya Uzamivu katika uzalishaji wa mazao: maandalizi huanza kabla ya mvua

Vyuo vikuu vingi nchini hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba. Ni wakati huohuo ambapo wakulima wa Mbeya, Ruvuma, Rukwa, Dodoma na Tabora huwa wamekwishaandaa mashamba na kusubiri mvua za kwanza za msimu. Kwa mwanafunzi wa sheria au wa historia, kukutana kwa mambo haya mawili hakuna athari yoyote. Kwa mtaalamu wa kilimo anayesajiliwa kusoma Shahada ya Uzamivu katika uzalishaji wa mazao, hapo ndipo hesabu ya miaka yake inapoanza kuharibika. Mvua imefika, naye hana andiko la utafiti lililoidhinishwa, hana mbegu, hana eneo la majaribio, na pengine hajakutana na msimamizi wake zaidi ya mara moja. Msimu unampita akiwa maktaba.

Mara nyingi jambo hili halitokani na uzembe. Taratibu za udahili hufuata muhula. Mimea hufuata mvua. Anayeitambua tofauti hiyo baada ya kusajiliwa huilipia kwa mwaka mzima. Iwapo ni mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo, au mnufaika wa ufadhili wenye ukomo, mwaka huo mmoja unaweza kuwa ndio unaomtenganisha anayehitimu na anayerudi kazini bila tasnifu. Makala hii inaeleza jinsi shahada hiyo inavyosomwa nchini, gharama zake zilipojificha, na mambo ambayo mwombaji anapaswa kuyakamilisha kabla hajajaza fomu.

Shahada yenyewe na mahali inapotolewa

Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Shahada ya Uzamivu ipo ngazi ya 10, ambayo ni ya juu kuliko zote. Kabla yake ipo Shahada ya Umahiri, ambayo wengi huiita ya Uzamili, katika ngazi ya 9. Tofauti ya ngazi hizi mbili si wingi wa kurasa. Mwanafunzi wa Umahiri huonesha kwamba anaweza kutumia mbinu za kisayansi kwa usahihi. Jaribio moja zuri la msimu mmoja mara nyingi humtosha. Mwanafunzi wa Uzamivu hutakiwa kuleta jambo ambalo halikuwa likijulikana, na kulithibitisha kiasi cha kumridhisha mtahini wa nje ambaye ametumia maisha yake yote katika somo hilohilo. Neno uzamivu lenyewe limetokana na kuzama, na ni neno lililochaguliwa vizuri.

Chuo kinachotajwa kwanza katika fani hii ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mkoani Morogoro. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984, kikitokana na kilichokuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kikapewa jina la Hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia kwa ajali ya gari mkoani humo Aprili 12 mwaka huohuo. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha nayo hutoa shahada hiyo katika sayansi za uhai zinazogusa chakula na kilimo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mafunzo ya kilimo katika miundo yake ya sasa.

Zipo njia mbili kuu za kuisoma. Ya kwanza ni ya utafiti pekee, ambayo kwa kawaida hupangiwa miaka mitatu. Ya pili huanza na masomo ya darasani, kama vile takwimu, fiziolojia ya mimea na uzalishaji wa mbegu, kisha hufuatiwa na utafiti, na kwa hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Mwombaji aliyekaa kazini miaka kumi tangu alipomaliza Shahada ya Umahiri asiidharau njia ya pili. Uchambuzi wa takwimu umebadilika sana, na ni nafuu kujifunza darasani kuliko kujifunza mbele ya watahini.

Kwa nini nchi inahitaji watafiti wa ngazi hii

Swali hili huulizwa na wananchi, na ni swali la haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafunzo haya hugharimiwa na fedha za umma. Jibu linapatikana katika zao la muhogo.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ya muhogo ardhini huku majani yakiendelea kuonekana mazuri kiasi, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga. Katika miaka hiyo watafiti wa Amani walianza kuchavusha muhogo wa kawaida na jamaa zake wa porini ili kupata aina zinazohimili maradhi. Baadhi ya matunda ya kazi hiyo yalisambaa kwa wakulima na kubaki mashambani kwa miongo mingi. Mojawapo ni aina ambayo nchini hujulikana kwa jina la Namikonga, na ambayo nchini Kenya huitwa Kaleso.

Miaka 80 baadaye, ugonjwa ulipokuwa umeenea mbali zaidi ya pwani ulikoonekana kwanza, watafiti walirudi kwa Namikonga. Waliichavusha na aina nyingine ya wakulima iitwayo Albert, wakapanda watoto wa mchavusho huo Naliendele mkoani Mtwara na Chambezi wilayani Bagamoyo, maeneo ambayo ugonjwa una nguvu, na kuchunguza kwa misimu miwili ni sehemu gani ya vinasaba inayobeba uhimilivu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kazi ya namna hii haifanywi na mtu aliyejifunza kupanda na kuvuna tu. Huhitaji mtu anayeweza kuunganisha shamba, maabara na takwimu, na ambaye anajua kwamba mkulima wa Mtwara hatapokea mhogo usiopikika, hata kama unahimili magonjwa yote duniani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2011 ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi, ujulikanao kwa kifupi cha MLN, uliripotiwa nchini Kenya. Mwaka uliofuata ukaonekana Tanzania. Viwavijeshi vamizi waliingia barani Afrika mwaka 2016 na kufika nchini mwaka 2017. Katika dharura kama hizo hakuna muda wa kufundisha watu. Nchi hutumia wale iliokwisha kuwafundisha.

Hesabu ya misimu

Chukulia mtaalamu wa mahindi anayesajiliwa Novemba 2026 akiwa na wazo tu la utafiti, naye amekusudia kufanya majaribio katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi ya kwanza huisha katika kuandika andiko, kulipeleka kwa wasimamizi, kulirekebisha na kuliwasilisha katika idara na ndaki. Likipitishwa katikati ya mwaka 2027, atapanda Desemba 2027 na kuvuna kati ya Mei na Juni 2028. Kwa kuwa msimu mmoja hautoshi, atapanda tena Desemba 2028 na kuvuna katikati ya mwaka 2029. Novemba 2029 miaka yake mitatu itakuwa imekwisha, na tasnifu haijaandikwa. Hapo ni iwapo mvua zote mbili zilinyesha vizuri.

Sasa chukulia mwenzake aliyesajiliwa siku hiyohiyo, lakini aliyeanza mazungumzo na msimamizi mapema mwaka 2026, akafika chuoni na rasimu ya andiko iliyokwisha kusomwa mara mbili, na akachagua kituo cha Ilonga wilayani Kilosa ambako mvua kubwa ni za masika. Huyu anaweza kutetea andiko lake kabla ya Machi 2027, akapanda masika hayo na kurudia masika ya mwaka 2028. Agosti 2028 kazi yake ya shambani imekwisha. Amebakiwa na zaidi ya mwaka mzima wa kuchambua, kuandika na kuchapisha. Uwezo wa watu hawa wawili ni sawa. Tofauti yao ni kazi iliyofanyika katika miezi kumi ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa mwanafunzi.

Baadhi ya waombaji wa mikoa yenye mvua mbili, kama vile Kilimanjaro, Tanga na Kagera, hudhani wamepata nafuu kwa kupanda vuli na masika ndani ya mwaka mmoja. Nafuu hiyo ipo, ila ina mpaka. Vuli ni fupi, mvua zake hazitabiriki, na wadudu na magonjwa yake si yaleyale ya masika. Mtahini makini hatakubali vuli moja na masika moja zihesabiwe kama marudio ya jambo moja. Kilimo cha umwagiliaji, kama kinavyofanyika katika mpunga huko Dakawa, huongeza msimu wa kiangazi, lakini kwa utafiti wa magonjwa yanayohitaji unyevu wa hewa, kiangazi huweza kutoa majibu ya kupotosha.

Zao nalo lina kalenda yake, na hapa ndipo uchaguzi wa mada unapokuwa uchaguzi wa muda. Maharage hukomaa kwa takribani miezi mitatu. Anayeyatafiti ana nafasi ya kukosea na kurudia. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima, na uharibifu wa michirizi ya kahawia hauonekani sawasawa mpaka mzizi ung'olewe na kukatwa. Mkorosho huanza kuzaa baada ya takribani miaka mitatu, kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayeweza kuanza na mbegu ya korosho na kumaliza na tasnifu kwa wakati. Atatumia miti iliyopandwa na watu waliomtangulia. Ndivyo ilivyo pia kwa kahawa, michikichi na matunda mengi. Uzalishaji wa aina mpya ya zao lolote lenye kujichavusha, kama mpunga, huhitaji vizazi sita au zaidi kabla mimea haijatulia na kufanana. Mwanafunzi anayeandika katika andiko lake kwamba atazalisha aina mpya ya mpunga ndani ya miaka mitatu, akianzia mchavusho wa kwanza, ameshajieleza mwenyewe kwa wanaomsoma.

Njia iliyozoeleka ya kuepuka mtego huo ni kujiunga na programu inayoendelea. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina vituo vilivyogawana mazao: Naliendele kwa korosho na mbegu za mafuta, Ukiriguru kwa pamba, Uyole kwa maharage na viazi mviringo, Dakawa kwa mpunga, Makutupora kwa zabibu, Maruku kwa migomba, Kihinga kwa michikichi, Mlingano kwa udongo. Katika vituo hivyo ipo mimea ambayo tayari ipo kizazi cha nne au cha tano. Mtafiti mwandamizi wa kituo anaweza kuwa msimamizi wa pili pamoja na mhadhiri wa chuo, na mwanafunzi akapata shamba, wasaidizi na kumbukumbu za miaka iliyopita. Kwa sharti moja: mada iwe inakihusu kituo. Kituo cha pamba hakitaacha pamba yake kwa ajili ya tasnifu ya mtu.

Kwa upande wa mifugo hesabu hufuata mnyama badala ya mvua. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na rekodi ya maziwa huhesabiwa kwa siku 305, hivyo anayetafiti uzalishaji wa maziwa huhitaji kundi lililokwisha kuwepo, iwe katika vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) au kwa wafugaji wenye kumbukumbu za kuaminika.

Shambani

Jaribio la kawaida hugawa shamba katika vitalu, na ndani ya kila kitalu kila aina ya mbegu au kiwango cha mbolea hupewa kipande chake kwa kura, ili rutuba ya upande mmoja wa shamba isimpendelee yeyote. Vitalu hurudiwa mara tatu au nne. Aina 20 zikirudiwa mara tatu katika vituo vitatu ni vipande 180. Kwa misimu miwili ni vipande 360, na kila kimoja hupaliliwa, hupimwa na kuvunwa peke yake, kwa kibandiko chake na mfuko wake. Siku mbili za kuchelewa kupima siku ya kuchanua maua haziwezi kufidiwa.

Maandiko mengi huandaliwa kana kwamba shamba lina uzio wa chuma. Halina. Kwelea kwelea huweza kumaliza mtama na mpunga wa majaribio kwa siku chache, hasa pale ambapo jaribio limekomaa kabla au baada ya mashamba ya jirani. Ngedere hawasomi vibandiko. Mifugo hupita, na mahindi mabichi yaliyopandwa kando ya barabara huvunwa na wasiohusika. Mvua za El Niño za msimu wa 2023/2024 zilileta mafuriko Rufiji na maeneo mengine ya nchi. Jaribio lililopo bondeni katika mwaka wa namna hiyo husombwa lote. Kwa hiyo mshahara wa mlinzi, gharama ya kufukuza ndege na kituo kimoja cha akiba si anasa ya bajeti. Watafiti wazoefu huweka vituo vitatu wakijua kwamba wanahitaji viwili.

Jambo jingine lenye kuchelewesha ni vibali. Mbegu au vipandikizi vinavyotoka nje ya nchi huhitaji kibali cha kuingiza mimea, cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka, na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha. Baadhi hulazimika kukaa karantini. Sampuli zinazopelekwa maabara za nje nazo zina taratibu zake, ikiwemo makubaliano ya maandishi kuhusu umiliki na matumizi ya vinasaba. Maombi haya yakiwasilishwa Oktoba kwa matumaini ya kupanda Desemba, kinachofuata ni lawama zisizo na msingi kwa maofisa wa mpakani.

Fedha, ruhusa na mkataba

Mwombaji huuliza kwanza kuhusu ada. Kwa fani hii, ada ni sehemu inayojulikana na isiyobadilika sana, na viwango vyake hutangazwa na chuo husika. Mzigo mkubwa ni gharama za utafiti: vibarua, usafiri kati ya vituo, mbolea na viuatilifu, mizani, vipimo vya udongo na vya mimea, na maabara ya vinasaba kwa wanaoihitaji. Sampuli za udongo huchukuliwa kila kituo na kila msimu, na kila kipimo cha naitrojeni, fosforasi au kaboni hulipiwa peke yake. Barua ya ufadhili inayosema italipa ada na posho ya kujikimu, bila kutaja utafiti, imelipia nusu ya safari.

Vyanzo vya ufadhili vipo vya aina nyingi. Umoja wa vyuo vikuu vya Afrika wa RUFORUM, ulioanzishwa mwaka 2004 na wenye sekretarieti yake Kampala, umeratibu programu za kikanda za Uzamivu ambazo Watanzania husoma pamoja na wenzao wa Uganda, Kenya, Malawi na kwingineko. Shirika la Ujerumani la DAAD hutoa ufadhili wa kusomea ndani ya nchi au ndani ya kanda. Chuo Kikuu cha Afrika kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika kina taasisi yake ya sayansi za uhai na ardhi Ibadan, Nigeria. Kwa wanawake wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea ipo jumuiya ya OWSD yenye makao yake Trieste, Italia. Ndani ya nchi, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, na wahadhiri wa vyuo vya umma wamesomeshwa kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaotekelezwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia.

Mtumishi wa umma ana hatua zake za ziada, na ndizo ambazo hazipaswi kufanywa kinyumenyume. Jina lake linapaswa kuwa katika mpango wa mafunzo wa taasisi yake, mwajiri atoe ruhusa kwa maandishi, na yeye mwenyewe ajifunge kwa mkataba kuitumikia taasisi baada ya kuhitimu. Barua ya udahili, hata iwe ya chuo kikubwa namna gani, haimwondoi mtu kituoni. Anayeondoka akiitegemea hiyo peke yake anaweza kuhesabiwa mtoro. Vilevile, ruhusa hutolewa kwa muda uliotajwa. Anayeomba miaka mitatu kwa utafiti ambao hesabu yake ya misimu inaonesha miaka minne amejitengenezea mgogoro na mwajiri wake mwenyewe. Ni afadhali kumwonesha mwajiri kalenda ya misimu tangu mwanzo.

Wapo wanaochagua kusoma nje. Mfano uliosaidia nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika ni wa Kituo cha Afrika cha Uboreshaji wa Mazao katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg, ambako mwanafunzi hukaa chuoni takribani miaka miwili ya mwanzo kisha hurudi nchini kwake kufanya utafiti wa shambani kwa miaka mitatu, juu ya zao la watu wake. Utaratibu huo una busara: mtaalamu wa mtama wa Dodoma hamalizi miaka mitano akitafiti ngano ya nchi nyingine. Yeyote anayesoma nje anapaswa kuhakikisha mapema kwamba chuo chake kinatambulika katika nchi kilipo, kwa kuwa tuzo yake italetwa TCU kwa ajili ya kutambuliwa kabla haijatumika katika ajira. Shahada za Uzamivu zinazouzwa kwa njia ya mtandao, zikiahidi kukamilika kwa miezi michache, hazina msimu wowote wa mvua ndani yake na hazitambuliki.

Kutoka tasnifu hadi mbegu

Baada ya mavuno ya mwisho huja uchambuzi, na baada ya uchambuzi huja uandishi. Vyuo vyetu huruhusu tasnifu ya mtiririko mmoja wa sura, au, kama ilivyo SUA, tasnifu inayokusanya miswada ya makala za kisayansi. Njia ya pili humsaidia anayeandika huku akiendelea na shamba: matokeo ya msimu wa kwanza huwa makala, wahakiki wa jarida humrekebisha, naye huingia msimu wa pili akiwa na macho mapya. Tahadhari ni kwa majarida ya kilaghai yanayokubali mswada kwa siku tatu baada ya malipo. Makala iliyochapishwa huko humshushia mwandishi hadhi mbele ya watahini.

Tasnifu hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje, kisha mwanafunzi huitetea kwa mdomo. Katika fani ya uzalishaji, maswali hurudi mara nyingi shambani: kwa nini vituo hivi na si vile, mvua ya mwaka ule ilikuwa milimita ngapi, kwa nini kitalu cha tatu kilitofautiana, mkulima mwenye nusu ekari atanufaika vipi. Aliyesimamia shamba lake mwenyewe huyajibu. Aliyeletewa takwimu kwenye simu na vibarua huonekana.

Kuhitimu hakumaanishi kuwa mbegu imefika dukani. Aina mpya hupelekwa kwa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), ambako hupimwa kama ni tofauti na zilizopo, kama mimea yake inafanana na kama sifa zake zinabaki vilevile kizazi hadi kizazi, na hujaribiwa katika maeneo mbalimbali ya nchi kabla ya kupitishwa kitaifa. Aina ya mpunga TXD 306, ambayo wakulima wa Kilombero na Mbarali huijua kwa jina la SARO 5, ilipita njia ndefu ya majaribio kabla ya kuingia katika magunia yao. Herufi tatu za mwanzo wa jina lake rasmi humkumbusha anayejua kwamba ilichavushwa Dakawa.

Kwa mwombaji anayekusudia kusajiliwa mwaka wa masomo ujao, mambo ya kuwa nayo mkononi kabla ya mwezi Juni ni barua ya mwajiri, nakala ya matokeo ya shahada zake, tuzo za nje zilizokwisha kutambuliwa na TCU iwapo anazo, jina la msimamizi aliyekubali kwa maandishi, rasimu ya andiko lisilozidi kurasa kumi, na karatasi moja yenye kalenda inayoonesha tarehe ya kupanda na ya kuvuna kwa kila msimu na kwa kila kituo. Karatasi hiyo ya mwisho haidaiwi na fomu yoyote ya udahili. Msimamizi mzoefu huiuliza kwanza.